Vijana ambao drafti iliwaruka: utamjuaje atakayebaki kikosini?

Swali: "Naishi Minneapolis na ni shabiki wa Minnesota Vikings. Kila mwaka drafti ya NFL (timu za ligi ya kandanda ya Kimarekani kuchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni) ikiisha tu, timu inasajili vijana 15 hadi 20 ambao hakuna timu iliyowachagua, na kila mtu mtandaoni ana kijana wake anayeapa kwamba ni almasi iliyofichika. Ikifika mwisho wa Agosti karibu wote wameondoka. Je, kuna namna ya kuwapima mapema, au ni kubahatisha tu?"

Jibu:

Si kubahatisha, ingawa bahati ina sehemu yake. Kinachowaponza mashabiki wengi ni kuanzia kwenye video za chuo na kujiuliza kijana ni mzuri kiasi gani. Wote ni wazuri. Hata atakayeachwa wiki ya kwanza ya kambi alikuwa nyota chuoni kwake. Swali lenye manufaa ni jingine: akibaki, siku ya mechi atafanya kazi gani, na ni nani atakayetolewa ili yeye apate kiti? Ukishindwa kuitaja kazi hiyo na kumtaja mtu huyo kwa jina, kijana wako hana nafasi hata kama video zake zinasisimua.

Tuweke namba mezani kwanza. Drafti ina raundi 7, na mwaka 2025 walichaguliwa wachezaji 257. Raundi ya 7 inapokwisha timu zote 32 zinaanza kugombania waliobaki. Kusema kweli simu kwa mawakala huanza kupigwa raundi ya 6 ikiendelea. Kambi inaruhusu wachezaji 90. Mwisho wa Agosti lazima washuke hadi 53. Yaani watu 37 kwa kila timu, jumla 1,184 ligi nzima, wanaondolewa ndani ya siku chache. Timu inaruhusiwa kuweka 16 kwenye kikosi cha mazoezi, yaani wanaofanya mazoezi na timu bila kuwa kwenye wale 53. Na siku ya mechi yenyewe wanaoruhusiwa kucheza ni 48 tu, tena kwa sharti kwamba angalau 8 kati yao ni wazuiaji wa mbele. Wakipungua hapo, wanabaki 47. Ishike hiyo 48, kwa sababu kocha akimfikiria mchezaji wa mwisho wa kikosi, ndiyo namba iliyo kichwani mwake.

Soma mkataba kabla ya kutazama video

Aliyechaguliwa kwenye drafti anapewa mkataba wa miaka 4, na fedha zake zinategemea namba aliyochaguliwa. Ambaye hakuchaguliwa anapewa miaka 3. Mshahara wa mwaka wa kwanza unaoandikwa kwenye mkataba ni ule wa kima cha chini cha ligi, na mwaka 2025 ulikuwa dola 840,000. Namba hiyo isikubabaishe: asipobaki kwenye wale 53, halipwi. Unachotafuta ni vitu viwili, bonasi ya kusaini na kiasi cha mshahara kilichodhaminiwa, yaani kile ambacho timu italipa hata ikimwacha.

Bonasi za wachezaji hawa zina ukomo. Makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yanaipa kila timu fungu moja la kuwagawia wote, na fungu lenyewe si kubwa. Lakini mshahara uliodhaminiwa hauhesabiwi ndani ya fungu hilo. Kwa hiyo timu inayomtaka kijana kwelikweli, na inayojua timu nyingine tatu zinampigia simu wakala wake, inamwongezea upande huo. Tovuti kama Over The Cap na Spotrac huweka takwimu hizi wiki chache baada ya drafti, na hapo ndipo pa kuanzia.

Mimi huzisoma hivi. Jumla ya fedha za uhakika ikiwa chini ya dola 20,000, kijana ameletwa kujaza mazoezi; anaweza kupenya, ila timu haijajifunga kwa lolote. Ikifika dola 100,000, umekaribia bonasi wanayopewa wa raundi ya 7, na timu inamhesabu kama mtu waliyekusudia kumchagua. Ikivuka 200,000, piga hesabu ndogo: mwaka 2025 kikosi cha mazoezi kililipa kima cha chini cha dola 13,000 kwa wiki, na msimu una wiki 18. Hiyo ni 234,000. Timu inayodhamini kiasi kinachokaribia hapo imemlipia kijana karibu msimu mzima wa kikosi cha mazoezi kabla hajakanyaga uwanja. Huyo hawatamwacha aondoke kirahisi.

Fedha zinaonyesha timu ilifikiri nini mwezi Mei, basi. Chris Harris Jr. alipewa na Denver bonasi ya dola 2,000 mwaka 2011, akaja kuwa mmoja wa makonabeki (walinzi wanaowakaba wapokeaji) bora wa muongo wake na bingwa wa Super Bowl 50. Wa namna hiyo wapo, lakini ukiwa na majina 18 mkononi na unataka kujua uwatazame wapi watano, fedha zitakusaidia kuliko kitu kingine chochote.

Angalia pia timu ilichagua wangapi. Vikings mwaka 2025 walichagua wachezaji 5 tu. Timu ya namna hiyo ina viti vitupu vingi kambini na ina jambo la kumwambia wakala: kwetu mteja wako hatakuta wenzake wawili waliochaguliwa mbele yake. Ndiyo maana baadhi ya mawakala, raundi ya 7 inapoendelea, huomba mchezaji wao asichaguliwe. Aliyechaguliwa mwishoni hana hiari ya pa kwenda. Ambaye hakuchaguliwa anachagua mlango mwenyewe.

Hesabu viti, nafasi kwa nafasi

Chukua karatasi. Andika nafasi moja, tuseme konabeki. Timu nyingi hubaki na 5 au 6. Waandike wote waliopo kambini, wanaweza kufika 10 au 11. Mbele ya kila jina andika fedha ambazo timu itazipoteza ikimwacha. Watatu wa juu wamefungwa na mikataba yao, wasahau. Wa nne labda ni wa raundi ya 3 mwaka jana, naye hatolewi. Kilichobaki ni kiti kimoja, pengine viwili, na wanaokigombea ni mkongwe wa miaka 30 mwenye mkataba wa mwaka mmoja, kijana wa raundi ya 6 aliyekuwa na timu mwaka uliopita, na huyu wako. Sasa umempata mpinzani wake halisi. Mashabiki humlinganisha kijana na mchezaji anayeanza, na hapo ndipo wanapopotea.

Hesabu hiyo uirudie mara mbili. Mara ya kwanza ni wiki mbili baada ya drafti. Kuna tarehe ambayo wengi hawaitilii maanani, Jumatatu ya kwanza baada ya drafti. Kuanzia hapo, kumsajili mkongwe huru hakuipunguzii tena timu nafasi za fidia (za ziada kwa timu iliyopoteza wachezaji huru) katika drafti ya mwaka unaofuata, kwa hiyo wakongwe waliokuwa wakisubiri wanaanza kusaini. Kiti ulichokiona kitupu siku ya Jumapili kinaweza kuwa na mwenyewe kufikia Jumatano. Mara ya pili ni mwisho wa Julai, kambi inapofunguliwa, majeruhi wanapojulikana na wakongwe wengine wanaingia.

Kwa nini drafti ilimruka?

Kila kijana ameachwa kwa sababu, na sababu hazilingani uzito. Iliyo nyepesi kuliko zote ni moja, inayoonekana, na isiyogusa kazi atakayopewa. Ivan Pace Jr. ni mfano mzuri kwa shabiki wa Vikings. Msimu wa 2022 alikuwa mmoja wa malainibeka (walinzi wa safu ya pili) bora wa vyuo, akicheza Cincinnati, lakini ana urefu wa futi 5 na inchi 10, kama mita 1.78, na mikono mifupi. Timu zote zikamwacha katika drafti ya 2023. Vikings wakamsajili, na msimu huohuo akawa anaanza. Uzalishaji wake chuoni ulikuwa mkubwa mno, na kasoro yake ilikuwa moja, ya kupimwa kwa futi kamba. John Randle, ambaye naye hakuchaguliwa mwaka 1990, alisemwa kuwa mdogo mno kwa safu ya mbele ya ulinzi. Akamaliza na magwiji wa Hall of Fame mwaka 2010.

Mtihani unakuwa mgumu kasoro zinaporundikana. Mpokeaji mfupi anaweza kuishi. Mpokeaji mfupi, asiye na kasi, na asiyejua kurudisha mipira hana mahali pa kusimama. Kasi ndogo kwa konabeki inasameheka ikiwa anageuka haraka na timu inacheza ulinzi wa kanda. Kwenye timu inayomtaka amfuate mtu uso kwa uso uwanja mzima, haisameheki.

Majeraha ni sababu ambayo huwezi kuiona, kwa sababu matokeo ya uchunguzi wa madaktari kule Indianapolis, kwenye majaribio ya pamoja ya ligi kabla ya drafti, hayatangazwi. Lakini unaweza kuihisi. Kijana wa chuo kikubwa, mwenye vipimo vya kawaida na misimu miwili mizuri, akianguka hadi nje ya drafti, mara nyingi ni goti, bega au mgongo. Hapo rudi kwenye fedha. Ikiwa timu imedhamini kiasi kikubwa, madaktari wake wamekubali hatari hiyo.

Umri nao umeingia sana miaka hii. Wachezaji waliopata mwaka wa ziada kwa sababu ya korona, na wanaolipwa vizuri chuoni tangu 2021 kupitia haki za jina na sura, wanachelewa kutoka. Unawakuta wana miaka 24 au 25. Mtu wa miaka 24 akiwatesa watoto wa miaka 19 katika msimu wake wa sita, punguza sifa zake. Tafuta alifanya nini alipokuwa na miaka 20 au 21.

Kuhusu vipimo vya mwili, kuwa mwangalifu na namba za siku za majaribio vyuoni. Mbio za yadi 40, mita 36.6, hupimwa huko kwa saa ya mkononi na hutoka za haraka kuliko za kielektroniki. Mimi huongeza sekunde 0.05 kabla ya kulinganisha. Kwa wazuiaji na wavamizi wa pembeni, yadi 10 za kwanza zina maana kuliko 40 zote; mvamizi anayezipita chini ya sekunde 1.60 ana mlipuko wa kweli. Kwa makonabeki na wapokeaji wa ndani, tazama zoezi la koni tatu, la kugeuka haraka, na chini ya sekunde 7.00 ni alama nzuri. Ile alama ya RAS inayosambazwa sana, kati ya 0 na 10, ni muhtasari unaofaa wa vipimo hivi, ila haihesabu urefu wa mikono. Mzuiaji wa pembeni mwenye RAS 9 na mikono ya inchi 32 atahamishiwa ndani, na ukishamhamisha, wapinzani wake kwenye karatasi yako ni watu wengine kabisa.

Kazi inayowalisha: timu maalumu

Hapa ndipo kwenye uamuzi wenyewe. Rudi kwenye 48. Wachezaji wanaoanza pande mbili pamoja na wapiga mpira wanachukua nusu ya viti. Wanaobaki lazima wapokee na kupiga mipira ya kuanzisha na ya panti (mpira unaopigwa kwa mguu kuwaachia wapinzani mbali), na kocha wa timu maalumu, yaani vikosi vya michezo hiyo ya kupiga, ana sauti kubwa sana katika viti vitano vya mwisho. Konabeki wa sita ambaye ni bora kidogo katika ulinzi lakini hachezi timu maalumu atashindwa na wa saba anayecheza zote nne: kupiga na kupokea mpira wa kuanzisha, kupiga na kupokea panti.

Kwa hiyo kwenye video za chuo, tafuta kama aliwahi kuzicheza. Nyota wengi wa vyuo vikubwa hawakuzigusa tangu mwaka wa kwanza, na hiyo ni hasara. Kisha kwenye mechi za maandalizi usifuate mpira. Timu yako inapopiga panti, tazama mtu wa pembeni kabisa. Hao wawili wa pembeni ndio pekee wanaoruhusiwa kuvuka mstari kabla mpira haujapigwa, na wapinzani humwekea kila mmoja mzuiaji mmoja au wawili. Tazama mambo haya kwa mfuatano. Hatua mbili za kwanza: anamtoka mzuiaji kwa mikono na mguu, au anasukumwa nje ya mstari? Akisukumwa nje, anarudi uwanjani mara moja, au anakimbia huko huko na kupewa adhabu? Mpira unakaa hewani sekunde nne na nusu hivi, je, anafika kabla haujashuka? Halafu lile linalowaangusha wengi: akibakiza yadi tatu au nne, anapunguza mwendo, anashusha kiuno na kubaki upande wa nje ili mrudishaji alazimike kuingia ndani kwa wenzake, au anapita kama gari lililokatika breki? Wenye kasi kubwa ndio wanaopita hivyo, na shabiki anashangilia ile kasi bila kuona kwamba mrudishaji ameshapata yadi 15.

Mpira wa kuanzisha umebadilika tangu 2024, na ushauri wa zamani umepitwa. Sasa wachezaji 10 wa timu inayopiga wanasimama kwenye yadi 40 ya wapinzani, na hawaruhusiwi kusogea hadi mpira uguse ardhi au mtu ndani ya eneo la kutua. Wazuiaji wako yadi 5 tu mbele yao. Zile mbio ndefu hazipo tena. Mwaka 2025 timu inayopokea ikaanza kupewa yadi 35 mpira ukiingia moja kwa moja eneo la mwisho, kwa hiyo wapigaji wakaacha kuupeleka huko na marudisho yakaongezeka. Maana yake kwako ni kwamba kiti kilichokuwa cha mpokeaji mwembamba mwenye kasi kimesogea kwa lainibeka, sefti (mlinzi wa nyuma kabisa) na taitiendi (mpokeaji mkubwa anayezuia pia) wanaoweza kuvunja kizuizi kwa mikono katika nafasi ndogo. Na mrudishaji mwenyewe amepata thamani mpya. Myles Price, mpokeaji kutoka Indiana, alibaki na Vikings 2025 kwa njia hiyo hasa. Kama mpokeaji tu, foleni ilikuwa ndefu mbele yake.

Tofauti za nafasi

Wakimbiza mpira ndio wenye njia fupi zaidi, kwa sababu timu hazipendi kulipa nafasi hiyo. Phillip Lindsay alikimbia yadi 1,037 akiwa na Denver mwaka 2018 bila kuchaguliwa, na Austin Ekeler alitoka chuo kidogo cha Colorado. Lakini kinachowaweka au kuwatoa nje ni kumlinda kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira. Tazama jaribio la tatu, lainibeka anapovamia katikati: je, kijana anampokea kifuani kwa miguu iliyotulia, au anajirusha kwenye magoti na kukosa? Kosa hilo mara mbili katika mechi za maandalizi linatosha.

Wazuiaji wa mbele wanahitaji uelewe hesabu ya 8. Watano wanaanza, watatu wako benchi, kwa hiyo kila wa akiba lazima afunike nafasi mbili au tatu. Gadi (mzuiaji wa ndani) asiyeweza kumpa kwotabeki mpira kama senta ni nusu ya mchezaji. Soma taarifa za kambi kwa jicho hilo tu: wamemjaribu senta? Mipira yake inafika kifuani au inaruka juu? Pia usiwe na haraka nao. Jason Peters aliingia Buffalo mwaka 2004 kama taitiendi, na ndipo akageuzwa kuwa mzuiaji wa pembeni, akaicheza nafasi hiyo kwa karibu miongo miwili.

Wapokeaji ndio wanaovunja mioyo ya mashabiki. Kambini huwa 11 au 12, wanabaki 5 au 6, na ndio wanaong'aa mazoezini wakati hakuna anayeruhusiwa kuwagonga. Makonabeki na sefti wana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu ulinzi wa siku hizi unaweka walinzi wa nyuma watano muda mwingi wa mechi na majeraha hayaishi. Wapiga mpira ni kesi ya peke yake: kiti kimoja, mpinzani mmoja, na matokeo yanaonekana kwa kila mtu. Mtu wa kurusha mpira wa panti kwa nyuma karibu siku zote hakuchaguliwa, na hakuna anayemwandika.

Kwotabeki nisimpite. Max Brosmer, aliyechezea University of Minnesota, aliingia kwenye 53 ya Vikings 2025 bila kuchaguliwa, jambo gumu. Alisoma ulinzi haraka na alitoa mpira kwa wakati. Kisha akaanza mechi Seattle mwishoni mwa Novemba, wakafungwa 26 kwa 0, naye akapokonywa mpira mara nne hewani. Kubaki kikosini na kuwa tayari kuanza ni viwango viwili, na vimeachana mbali. Ukimpima kijana wa mwaka wa kwanza, jibu la kwanza usiligeuze kuwa la pili.

Nini uamini, na lini

Mei kuna kambi ndogo ya wachezaji wapya. Humo kuna walioalikwa kwa majaribio tu, bila mkataba wowote. Adam Thielen aliingia Vikings kwa mlango huo mwaka 2013, na Malcolm Butler aliingia Patriots vivyo hivyo mwaka 2014, miezi michache kabla ya kuunyakua ule mpira uliomaliza Super Bowl ya 49. Kwa hiyo orodha ya majaribio isome pia.

Kati ya Mei na Juni hakuna kugongana. Taarifa ya "anawatawala" kuhusu mzuiaji au mlinzi wa mbele katika miezi hiyo itupe. Unachoweza kuamini ni nani anapewa nafasi na kundi la ngapi, na nani anafundishwa nafasi ya pili. Mavazi kamili ya kinga yanavaliwa siku chache baada ya kambi ya Julai kuanza, na hapo ndipo mapambano ya mmoja kwa mmoja yana maana.

Mechi za maandalizi ni 3. Kabla ya kusoma takwimu, uliza robo ya ngapi na dhidi ya nani. Mvamizi aliyemwangusha kwotabeki mara mbili katika robo ya nne amewashinda watu ambao wiki ijayo watakuwa wanatafuta kazi. Mchezaji aliyeingia robo ya pili, hajaandikwa popote kwenye takwimu, lakini amecheza michezo 9 ya timu maalumu, yuko mbele yake. Ishara nzuri kuliko zote ni kusogea mapema: robo ya nne mechi ya kwanza, robo ya tatu mechi ya pili. Na mechi ya tatu, kijana asipochezeshwa kabisa ilhali ni mzima, usihuzunike. Huenda timu imeshaamua kumbakisha na inamficha timu nyingine zisimwone.

Siku ya kukatwa, na wiki zinazofuata

Anayeachwa akiwa na misimu chini ya minne hupitia weiva: timu nyingine 31 zina hadi saa sita mchana ya siku inayofuata, saa za mashariki mwa Marekani, kumdai. Lakini anayemdai lazima amweke kwenye 53 yake, si kikosi cha mazoezi. Ndiyo maana kati ya watu zaidi ya elfu moja wanaoachwa, wanaodaiwa huwa wachache mno. Mkongwe wa misimu minne na zaidi hapitii weiva wakati huo. Kutokana na tofauti hii timu ina ujanja wake: inamwacha mkongwe Jumanne kwa makubaliano ya mdomo, inambakisha kijana asidaiwe, inawahamishia majeruhi wawili kwenye orodha yao Jumatano, kisha inamrudisha mkongwe. Orodha ya Jumanne jioni si ya mwisho, kwa furaha au kwa huzuni.

Kwa shabiki mwenye asili ya Afrika Mashariki kuna kifungu cha kujua. Wachezaji wa mpango wa kimataifa wa ligi, ulioanza 2017, wanapewa kiti cha ziada, cha 17, kwenye kikosi cha mazoezi, kwa hiyo usiwaweke kwenye hesabu ya 16. Kabla ya mpango huo, Colts walimsajili Daniel Adongo mwaka 2013, Mkenya aliyetoka kwenye raga bila hata mchezo mmoja wa chuo, na akacheza hasa timu maalumu. Mtu wa namna hiyo hupimwa kwa mwili na mwendo peke yake; kalenda ya mwaka mmoja haimfai.

Kwa wengi, mafanikio ya mwaka wa kwanza ni kikosi cha mazoezi. Thielen alikaa humo msimu wote wa 2013, akaishi kwa timu maalumu, na hakuvuka yadi 900 hadi 2016, alipofikisha 967. Miaka miwili iliyofuata alivuka 1,200 mfululizo. Kwa hiyo usifunge daftari mwisho wa Agosti. Fuatilia nani anapandishwa siku ya mechi: timu inaweza kuwapandisha wawili kwa kila mechi, na mchezaji mmoja hawezi kupandishwa zaidi ya mara 3 katika msimu wa kawaida. Ukiona jina la kijana wako limepandishwa mara ya tatu, wiki inayofuata ndiyo ya kumtazama, kwa sababu wakimhitaji tena lazima wamwandikie mkataba wa kikosi cha 53 na wamtoe mtu mwingine.